Picha za Chennai Zisizo na Mama

Leokadia alichagua Chennai, mji wa India, kwa sababu ya bibi mmoja wa Fairfax, hapa Marekani, ambaye hatarudi tena kwao. Bibi Kamakshi anaishi kwa mwanawe, na Leokadia ndiye anayemwogesha, anayemvisha sari na kumsukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka dirishani. Miguu imegoma, mdomo haujagoma. Akiwa anangoja chai yake huanza safari. Leo yuko ufukwe wa Marina, mchanga mpana kiasi kwamba mtu anachoka kabla hajagusa maji, ananunua dengu za kuchemsha zilizochanganywa na nazi na embe bichi, anazila kwenye karatasi iliyoviringwa. Kesho anapanda mnara wa taa kuutazama mji wote. Keshokutwa yuko mtaa wa Mylapore, mbele ya hekalu lenye mnara uliojaa sanamu za rangi, miungu na tausi na ng'ombe wamebanana mpaka juu kabisa, na si mbali na hapo kuna kanisa jeupe lenye kaburi la Mtume Tomaso.

Aliposikia habari ya kaburi, Leokadia aliacha kukunja nguo.

"Tomaso yupi? Huyu wetu?"

"Kwani yuko mwingine?" Bibi alimjibu. Yeye ni Mhindu, lakini utotoni alikuwa akipelekwa pale kuwasha mshumaa kabla ya mitihani.

Tangu siku hiyo Leokadia akawa na mji wake. "Nafanya kazi Virginia," aliniambia, "lakini mchana kutwa niko India."

Mimi nimepanga chumba cha pili katika nyumba yake hapa Silver Spring, ghorofa ya tatu, juu ya duka la Waethiopia. Nafanya kazi maktaba. Yeye ni Mtanzania wa Bukoba, mimi ni Mmeru wa Kenya. Huniita Mkenya wangu, nami humwita anti. Siku niliyohamia alinitazama nikipandisha vitabu vyangu akasema, "Wenzako wanakuja huku kubeba maboksi ya watu. Wewe umekuja na ya kwako."

Hajarudi nyumbani tangu aje Marekani. Makaratasi yake bado yanangoja uamuzi, na mwanasheria amemwonya kwamba akitoka hataingia tena. Kwa hiyo mambo yake makubwa yote hutokea ndani ya simu. Harusi ya mdogo wake Gregori aliihudhuria kwenye treni, amesimama, ameshika bomba kwa mkono mmoja na simu kwa mkono wa pili. Na baba yake alimfia ndani ya simu hiyohiyo.

Habari hiyo ya baba alinisimulia mara moja tu. Gregori alimwambia kwanza kwamba baba amelazwa. Kesho yake akasema hali si mbaya sana, tuombe Mungu. Kisha ikafika Jumamosi, na wanawake wa jumuiya, Watanzania wenzake Wakatoliki wanaosali pamoja majumbani, wakafika bila kupiga simu. Walikuwa wamejifunga khanga juu ya suruali. Walibeba trei za foili zenye wali na katoni ya maji ya chupa. Irene, mwenyekiti wao, akamkalisha katikati ya kochi, mtu kulia na mtu kushoto, ndipo akamwambia. Baba alikuwa ameshazikwa.

Huku ndivyo tunavyofanya, Wakenya kwa Watanzania. Mtu haambiwi msiba akiwa peke yake, maana huenda yuko kazini, huenda anaendesha gari, huenda akaanguka na asiwepo wa kumwinua. Basi hudanganywa kwa upole, kidogo kidogo, mpaka watu wamfikie. Ukiona trei moja, mtoto amepata kipaimara. Ukiona katoni ya maji, watu wamejiandaa kukaa. Leokadia mwenyewe ameshasimama kwenye milango ya wengine na katoni begani.

Mwaka huu moyo wa mama yake ukachoka. Vali moja ilikuwa haifungi sawasawa, na madaktari wa nyumbani wakasema apasuliwe. Gregori alitaka Delhi, kwa kuwa jirani yake alitibiwa huko akapona. Leokadia akakataa.

"Chennai," alisema. "Ule mji naujua."

Nilimsikia akimweleza Gregori simuni kama mtu aliyezaliwa kule, wapi pana kelele, wapi pana kivuli, wapi mama atapata kanisa. Kisha aliniambia jambo lake lilivyo, akiwa anamenya ndizi, hanitazami. Makaratasi yangeweza kutoka mwakani, au mwaka unaofuata. Mama akipasuliwa, angefika hadi huko. Asipopasuliwa, asingefika. Hakuwa akiomba kingine.

"Nataka nimkute," alisema. "Hata akinikuta nimezeeka kuliko yeye."

Mama na Gregori wakaenda. Siku za kwanza zilikuwa za vipimo, na mama alizungumza na bintiye kila asubuhi ya kwetu, ambayo kwao ni jioni. Alilalamikia chakula, akawasifu wauguzi. Kisha mazungumzo yakakatika, zikaanza picha.

Zilikuja asubuhi, Leokadia akiwa kwenye treni ya kwenda kazini. Ya kwanza ilikuwa ya mnara wa taa, mwekundu na mweupe, umeinama. Ya pili ilikuwa ya sanamu za hekalu. Nyingine paa wenye madoadoa chini ya miti, nyingine farasi wa kukodisha wakipita mchangani, nyingine sanamu ya shaba kwenye jumba la makumbusho, mungu anayecheza ndani ya duara la moto. Leokadia alifurahi mpaka akawa ananionyesha hata akiwa anapiga mswaki.

Alimpigia mdogo wake simu kumtania. "Greg, picha gani hizi? Mnara umelala kama mlevi. Na kidole chako kimo ndani."

"Nitajifunza, dada."

"Kwa umri huo? Haya, nipe mama."

"Amelala."

Kesho yake mama alikuwa anaoga. Siku iliyofuata alikuwa kwenye kipimo. Baadaye Gregori akasema daktari amemkataza kuongea sana ili apumue vizuri. Picha hazikukoma. Leokadia alizipeleka kwa Bibi Kamakshi, naye bibi akazitaja moja moja, akimrekebisha mpigaji ambaye hakumjua: hapa angesimama upande ule, hapa angekuja kabla ya jua. Alipofika kwa paa akarudisha simu.

"Mtu huyu ana nafasi sana," alisema. "Mama yake yuko wapi?"

Jioni hiyo Leokadia alirudi, hakuvua koti. Alikaa mezani na simu mbele yake, akanionyesha picha zote tangu ya kwanza. Mama hakuwemo hata katika moja.

"Nkatha, wewe umesoma. Mtu mama yake yuko hospitali, anakwenda kutazama paa?"

"Labda anangoja tu, anti. Kungoja kunachosha."

"Kunachosha. Kwa hiyo anapanda mnara."

Nilimchemshia chai, ikapoa hapo hapo. Asubuhi alimpigia Gregori mbele yangu na kumuuliza swali moja, mama yuko vipi.

"Hali yake si mbaya sana, dada," Gregori alisema. "Tuombe Mungu."

Leokadia aliweka simu mezani taratibu, uso wa simu ukiwa chini.

"Hayo hayo," alisema. "Hayo hayo maneno."

Alikwenda kazini vilevile. Siku zilizobaki za wiki hiyo alifua mapazia, akasugua jiko, akaweka khanga nyeusi juu ya kiti chumbani kwake. Hakulia. Nilipomwambia kwamba huenda anakosea, alinijibu kwamba mimi bado mtoto, na kwamba kwao mtu hafi kwa siku moja, hufa kwa wiki nzima, ndani ya simu.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nasoma jikoni. Leokadia alikuwa dirishani akimwagilia mchicha wake wa kopo. Nikasikia kopo la maji limeanguka.

Chini kwenye maegesho yalikuwa yamesimama magari mawili. Irene alikuwa ameshatoka, khanga kiunoni juu ya jinzi. Wanawake wengine wawili walikuwa wakitoa trei kwenye buti. Kisha mmoja wao akainama tena, akainuka na katoni ya maji.

Leokadia alikwenda mlangoni. Nilidhani anakwenda kufungua. Akafunga kufuli la chini, akafunga la juu, akaweka mnyororo, akakaa sakafuni na kuegemeza mgongo mlangoni.

"Usifungue," aliniambia. "Kama hawajasema, bado."

Walipanda ngazi wakizungumza kwa sauti ya chini, kisha wakanyamaza. Wakabisha hodi.

"Hodi, dada Leo. Ni sisi."

Hakuitikia. Wakabisha tena.

"Leo, tunajua upo. Tumekuona dirishani," Irene alisema. "Fungua mama, trei inaniunguza."

"Iweke chini," Leokadia alimjibu.

Mmoja akanong'ona, "Amejuaje?" na Irene akamnyamazisha, lakini tulishasikia sote. Leokadia alifumba macho.

Irene alisogea karibu na ubao wa mlango. "Leo, nisikilize. Mama yako yuko hai."

"Hata baba ulisema amelazwa."

"Ile ilikuwa ile. Sasa nakuapia. Yuko hai, mzima."

"Mzima?"

"Yuko hai," Irene alirudia, na neno la pili hakulirudia.

"Sawa. Yuko hai. Sasa ninyi mmekuja kufanya nini na katoni ya maji?"

Irene hakusema kitu. Baadaye nilijua kwa nini: Gregori alikuwa amemwomba asiseme, kwamba habari yenyewe ataitoa yeye kwa mdomo wake, wao wawe naye tu pembeni. Mwanamke yule ni mkweli, na ameshasindikiza vifo vingi katika mji huu, lakini kwa swali lile hakuwa na jibu aliloruhusiwa kulitoa. Na kimya chake, kwa Leokadia, kilikuwa ndiyo habari.

Akaanza kulia. Alilia kama anavyofanya kila kitu, bila kelele, mkono mmoja ukiwa umeshika ncha ya mnyororo usije ukachezacheza.

"Nkatha," Irene aliniita kupitia mlangoni. "Wewe mtoto, upo humo? Tufungulie mlango."

Nilisimama katikati ya sebule. Kwa kawaida mimi ndiye ninayejificha wageni wakija. "Ameketi mlangoni," nilisema. "Siwezi kumsogeza."

"Basi mpigie Gregori. Mwambie apige sasa hivi."

Nilichukua simu ya Leokadia mezani nikapiga. Haikupatikana. Nikapiga tena, haikupatikana. Nje nikasikia wameketi kwenye ngazi. Trei moja iligonga ukuta. Jirani akapita na mbwa, akawasalimu kwa Kiingereza, nao wakamwitikia kwa adabu zote kama watu waliokuja kumtembelea yeye. Harufu ya wali wa nazi iliingia chini ya mlango. Nikapiga tena. Leokadia alikuwa akizungumza peke yake kwa Kihaya, sauti ya mtu anayembembeleza mtoto, na mimi Kihaya sikijui.

Simu ilipoita mkononi mwangu, ilikuwa ya video.

"Usipokee," Leokadia alisema.

Nilipokea. Picha ilitikisika, ukapita ukuta mweupe wenye taa, ikapita nguzo, kisha ukatokea uso wa mwanamke mzee aliyejitanda khanga kichwani, amekaa kwenye kiti cha magurudumu, amekunja uso kama mtu aliyeamshwa.

"Wewe nani?" aliniuliza.

"Ni Nkatha, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mwanangu yuko wapi? Tumetoka misani, tunawasha simu tunakuta umepiga kama moto unawaka."

Niliinama nikamwekea Leokadia simu usoni. Aliitazama muda mrefu bila kuishika.

"Mama, geuza kichwa," alisema.

"Nigeuze kwenda wapi?"

"Geuza tu. Inua mkono."

Mama yake aligeuza kichwa, akainua mkono, akaupungapunga. "Umeridhika? Mimi niko kwa Tomaso hapa, kumbe anayetaka kutia kidole kwenye kidonda ni wewe huko."

Leokadia alicheka, na kicheko kikamtoka vibaya, kikakatika katikati. Aliishika simu kwa mikono miwili. "Nani alikuwa anapiga zile picha?"

"Mimi. Gregori anasukuma, mimi napiga. Ulisema mji unaujua, nikasema basi nikuonyeshe kama ndio huo."

"Na kidole?"

"Changu. Simu yenyewe kubwa kama sinia."

"Walikupasua lini?"

Nyuma ya mama ikasikika sauti ya Gregori, "Dada," na mama akamkatiza kwa kiganja.

"Sikupasuliwa, Leo. Wala sitapasuliwa. Kesho tunarudi nyumbani."

Daktari, alieleza, alikuwa mtu mstaarabu, alivuta kiti akakaa naye. Alimwambia figo nazo zimechoka, kwamba huenda asiamke mezani, na kwamba bila upasuaji moyo utaendelea kwa muda wake. Muda gani, hakusema.

"Nikamuuliza, unajua? Akasema Mungu ndiye anayejua. Nikamwambia, basi huyo hata Bukoba yupo."

"Sikukupeleka huko ukatembee," Leokadia alisema.

"Najua."

"Nimekupeleka upone. Makaratasi yangu yakitoka nataka—"

"Yatatoka lini?"

Leokadia alipangusa kioo cha simu kwa kidole.

"Umeona," mama yake alisema, bila ubaya. "Nikilala kwenye meza yao nisiamke, nitakuwa nimekufa nikitazama dari. Nimeuona mnara. Nimeona zile sanamu, sijui nani alizipaka rangi zote zile. Paa wanakuja mpaka kwenye kiti kama mbuzi. Dengu sikuzipenda, zina pilipili. Mwambie bibi yako huyo."

"Ungeniambia."

"Ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Haya."

Gregori akaja kwenye picha, uso wake umejaa kioo, akaomba radhi. Alisema mama alimkataza kumwambia mpaka wapate ndege ya kurudi. Alisema aliogopa habari hiyo imkute peke yake, ndiyo maana akawaomba akina Irene watangulie, halafu misa ikachelewa kwisha.

"Gregori," Leokadia alisema. "Umenitumia katoni ya maji kwa mtu aliye hai."

"Nisamehe, dada."

"Nisikilize. Siku hiyo ikifika, usinitumie watu. Usiniambie amelazwa. Unipigie wewe, useme neno lenyewe, nikiwa kwenye treni nisikie nikiwa kwenye treni."

"Itakuwa vigumu, dada. Wewe uko peke yako huko."

"Niko peke yangu kila siku. Sema ndiyo."

Gregori alitazama pembeni, alikokuwa mama yake. "Mwambie ndiyo," mama alisema. Akasema ndiyo, lakini kama mtu anayetaka simu iishe, na Leokadia aliliona hilo kama nilivyoliona mimi.

Alipofungua mlango, Irene alikuwa ameketi kwenye ngazi na trei mapajani. Alisimama, asijue amkumbatie au asimkumbatie.

"Hatujui tukae au twende," alisema.

"Kaeni. Wali umeshapikwa."

Walikula sebuleni, wamebanana, na hakuna aliyejua wimbo wa kuimba. Mmoja alianzisha ule wa shukrani akauacha njiani. Hakuna aliyegusa maji ya chupa. Walikunywa ya bombani kwa glasi za nyumba. Walipoaga, Leokadia aliinua katoni mwenyewe akamtwika Irene.

"Hii rudi nayo."

Mama alifika Bukoba, na bado yupo. Siku nyingine anaongea mpaka anachoka, siku nyingine anatikisa mkono tu. Leokadia anazipitia picha zile tena kazini, na sasa anajua urefu wa mnara ule umetazamwa kutoka kwenye kiti, kama bibi yule anavyoutazama mtaa wa Fairfax. Bibi Kamakshi alimuuliza kama mama amepona.

"Amerudi nyumbani," Leokadia alimjibu.

Bibi aligeukia dirisha. "Ana bahati," alisema, na siku hiyo hakusafiri kwenda popote.

Makaratasi hayajatoka. Simu ya Gregori ikiita, Leokadia huiacha iite mara kadhaa kabla ya kupokea, kisha husema, "Anza na neno lenyewe." Gregori huanza na bei ya ndizi, au mvua. Hajui atamfanyia vipi dada yake siku ikifika; aliniuliza mimi wakati mmoja, nikamwambia afanye alivyoambiwa, akasema ni rahisi kwangu kusema.

Irene bado anakuja, ila siku hizi huja peke yake, bila khanga, mikono mitupu. Kabla ya kupanda ngazi husimama kwenye maegesho, mahali anapoonekana kutoka dirishani, akapiga simu.

"Leo, ni mimi," husema. "Sina habari yoyote."

Leokadia humtazama kwanza mikononi, halafu buti la gari, ndipo anakwenda kufungua.